Asilimia ya nini? Waulizeni wanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa sekondari na vyuo vya Mtwara na Lindi. Vijana wetu wanakariri asilimia za makato vizuri tu. Waulize "asilimia ya nini?" ndipo darasa linaponyamaza.

Andikeni ubaoni mshahara wa Sh600,000 wa mwajiriwa wa kampuni binafsi, asiye na posho, aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 ya mshahara wote, yaani 60,000. Zinabaki 540,000, na hizo ndizo zinazopigiwa kodi ya PAYE, ile ya mapato inayokatwa na mwajiri kwenye mshahara. Wengi huanza na kodi kwenye 600,000, na hesabu yote inaharibika. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kinachozidi hapo hadi 760,000 ni asilimia 20. Kwa huyu kilichozidi ni 20,000, kodi yake 4,000, hivyo PAYE ni 24,000. Bodi ya Mikopo yenyewe inarudi kwenye mshahara wa msingi: asilimia 15, yaani 90,000. Mkononi anabaki na 426,000.

Sasa mwongezeeni 20,000. Kuna imani sugu maofisini kwamba nyongeza ikikuvusha daraja la kodi unaondoka na pungufu. Si kweli, kiwango cha juu kinagusa ile ziada tu. Ila wanafunzi wakirudia hesabu watakuta 437,400, maana yake katika 20,000 zimefika mkononi 11,400. Mshahara umepanda kwa asilimia 3.3, mkononi 2.7. Mfumuko wa bei wa 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, kwa hiyo kwa mwaka kama ule nyongeza hii isingetosha hata kumbakiza alipokuwa.

Na huo mfumuko nao ni asilimia ya kapu la taifa, yaani bidhaa na huduma zinazopimwa bei nchi nzima, si la jikoni kwenu. Katika kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Tuseme chakula kimepanda kwa 10 na vingine vyote kwa 2. Taifa litasoma kama asilimia 4.3. Nyumba ya Newala inayotumia asilimia 60 ya pesa yake kwa unga, samaki na mafuta ya kula imepandishiwa 6.8. Mama anayelalamika sokoni hajakosea, wala takwimu haijadanganya. Tena mfumuko ukishuka, bei hazijashuka. Zinapanda polepole zaidi.

Wengi wa wanafunzi hawa hawajawahi kuona hati ya mshahara nyumbani, lakini malipo ya korosho kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanayajua. Yatumieni. Baadhi ya makato yake, kama usafirishaji na ghala, ni shilingi kwa kilo, kwa hiyo hayapungui bei ikianguka. Kwa mfano, makato ya namna hiyo yakiwa 250 kwa kilo, bei ya 3,000 inapoteza asilimia 8.3, bei ikiwa 2,000 inapoteza 12.5.

Bajeti ya nyumba ya korosho isiigwe kutoka vitabu vinavyogawa mshahara wa kila mwezi. Pesa inaingia kuanzia Oktoba, minada ikishafanyika, na inatakiwa ifike Oktoba nyingine. Kwanza toeni gharama za palizi na salfa (dawa ya mikorosho) ya msimu ujao, kisha mahitaji ya shule ya Januari. Kinachobaki ndicho kigawanywe kwa 12. Wanaogawa kwanza hujikuta mwezi Juni wanakopa kwa ajili ya dawa, na deni linalipwa kwa korosho ambazo bado ni maua. Bei ya kupangia iwe ya chini kuliko ya mnada wa mwaka jana.

Mhasibu,
Mtwara Mjini