Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaosoma Urusi, kuhusu Ivan Ilyin

Wanangu,

Nawaandikia kama mzee aliyesoma Moscow enzi za Kisovieti, tulipokaririshwa Lenin hadi tukamwota. Siku hizi nasikia jina linalotajwa mbele yenu ni la Ivan Ilyin, mwanafalsafa wa Kirusi, na baadhi yenu mmeniuliza kama ni kweli kwamba marehemu huyu anaiongoza Kremlin kutoka kaburini. Jibu langu ni kwamba marehemu hajichagulii msomaji; anayechagua ni aliye hai, na huyo ndiye wa kutazamwa.

Ilyin alizaliwa Moscow mwaka 1883, akabobea katika falsafa ya Mjerumani Hegel, na mwaka 1922 Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Lenin, wakamfukuza nchini kwa meli pamoja na wasomi wenzake. Aliishi Berlin, kisha Uswisi, akafia huko mwaka 1954. Katika makala za miaka yake ya mwisho, zilizokusanywa kwa jina Nashi zadachi, yaani Kazi Zetu, alidai kwamba ukomunisti ukianguka Urusi isikimbilie demokrasia bali ishikwe kwanza na udikteta wa kizalendo, na akaonya kwamba mataifa ya nje yatataka kuikatakata nchi hiyo huku yakisema yanaleta uhuru. Someni onyo hilo mara mbili, kisha sikilizeni hotuba za leo.

Mwaka 2005 mabaki yake yalirudishwa na kuzikwa upya katika monasteri ya Donskoy. Mwaka huohuo Putin alianza kumnukuu mbele ya bunge, na Januari 2014, wiki chache kabla ya Urusi kuitwaa Crimea, rasi ya Ukraine, magavana na viongozi wa chama tawala waligawiwa kitabu hicho cha Kazi Zetu wakakisome. Ila ninalotaka mlishike ni la tarehe 30 Septemba 2022. Katika Ukumbi wa Mtakatifu George ndani ya Kremlin, baada ya kutangaza kwamba mikoa ya Ukraine ya Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson sasa ni ya Urusi, Putin alifunga hotuba kwa maneno ya Ilyin, ya mtu anayesema kwamba roho ya watu wake ni roho yake na mateso yao ni huzuni yake. Ni maneno mazuri, wanangu. Hata mimi, niliyeipenda nchi ile pamoja na baridi yake, yalinigusa, mpaka nilipokumbuka kwamba yalikuwa yanatia muhuri kwenye ardhi ya jirani.

Yapo pia yasiyonukuliwa. Mwaka 1933, akiwa Berlin, Ilyin aliandika makala ya kumsifu Hitler kwa kuuzuia Ubolsheviki usiingie Ujerumani. Tumtendee haki: mwaka uliofuata Wanazi wenyewe walimwachisha kazi. Lakini hata baada ya vita, wakati makosa ya ufashisti aliyakubali, aliendelea kuandika kwamba chimbuko la ufashisti huo lilikuwa la haki. Dola inayosema iliingia Ukraine kuwaondoa Wanazi imemfanya mtu huyu kuwa mwalimu wake, na mpaka leo sijasikia hotuba inayoeleza mambo hayo mawili yanakaaje nyumba moja.

Mwaka 2023 chuo kikuu kimoja cha serikali mjini Moscow kilifungua shule ya siasa yenye jina lake, chini ya Aleksandr Dugin, mwanafalsafa wa kizalendo wa Kirusi, na mwaka uliofuata wanafunzi wenyewe wa Kirusi wakatia saini waraka wa kulipinga jina hilo. Ninyi ni wageni, siwatumi mkabishane na mtu. Andikeni mnachofundishwa, na mkipewa nafasi ya kuuliza, ombeni kwa adabu mpewe ile makala ya 1933 muisome yote.

Mzee wenu.