Kwanza Bila Maneno

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya Magharibi

Shoga yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Sisi hatujambo. Mama akusalimu sana, auliza utakuja lini ule mbaazi zake.

Uliponiuliza kwenye simu skripti yangu ya filamu imefika wapi nilikujibu juu juu. Leo nimekaa nikueleze sawasawa, maana najua nawe una hadithi umeifungia sandukuni.

Ile ya mwanzo kampuni moja ya filamu ilinirudishia, imeandikwa pembeni: "Wahusika wanasema mno." Nililia siku mbili, kisha nikaisoma upya. Walisema kweli. Mzee wangu muuza kahawa, onyesho la kwanza tu, amwambia bintiye: "Mwanangu, macho yangu yamefifia, sioni tena." Na hapo ndipo nilipokuwa nimepapenda kuliko pote!

Basi nikawa kila jioni napita Mji wa Kale, nasimama karibu na muuza kahawa wa kweli, daftari nimeliacha mkobani. Natazama mikono tu. Siku ya tatu nikagundua kuwa hakitazami kikombe. Anasikiliza. Kahawa ikikaribia kujaa, mlio wake hupanda, naye huliinua dele, birika lake la kahawa, papo hapo. Nilirudi nyumbani mbio, nikaandika:

NJE. BARAZANI. JIONI.
Mzee anainamisha dele. Kahawa inamwagika kando, inalowesha kanzu. Binti anakisogeza kikombe chini ya mdomo wa dele, hanyanyui uso. Mlio unapanda. Mzee anaacha kumimina.

Tangu siku hiyo kila onyesho naliandika kwanza bila mazungumzo. Siandiki "anahuzunika," kwa kuwa kamera haioni huzuni. Inaona mtu aliyekunja leso ileile mara nne. Panaposhindikana kabisa, ndipo nampa mhusika maneno, nayo nayasoma kwa sauti jikoni mama akipika. Akiniambia "hapa kwetu hatusemi hivyo," nafuta. Wahusika wangu walikuwa wakizungumza Kiswahili cha mtihani, shoga, nami sikuwa na habari.

Mpangilio naufanya kwa vipande vya boksi, kila onyesho sentensi moja, navitandaza mkekani. Feni nazima, na bado navikandamiza kwa vijiwe kwa sababu ya upepo wa dirishani. Vilikuwa hamsini na mbili. Nimetoa kumi na vinne, na hadithi haikutikisika.

Naandika baada ya Alfajiri mpaka saa moja, kurasa mbili, basi. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa tisini ni saa moja na nusu. Hesabu hiyo imenisaidia sana: nilikuwa na watu wawili barazani kurasa saba, dakika saba nzima, hakuna hata anayesimama!

Juzi nilimsomea mama lile onyesho la dele. Akanyamaza, mwiko mkononi, kisha akaniuliza, "Kwani huyo mzee yuwajua kama bintiye ajua?" Sikuwa nimeliwazia. Sasa swali hilo ndilo linaloniamsha asubuhi, na naona filamu nzima imo humo.

Ukija likizo, lete daftari lako. Chagua onyesho moja, uliandike bila mtu kufungua kinywa. Nitakungoja upande huu wa feri.

Shogayo akupendaye