Mafundi wa programu, tuache kujaribu kwa sifuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na mafundi wenzangu wa programu, pamoja na walimu wa vyuo vya kompyuta hapa Dar es Salaam. Kosa ninalolieleza ni langu, lakini aliyeadhibiwa ni kijana asiyejua hata kompyuta inawashwaje.

Mwaka jana nilifunga programu ya mauzo kwenye ghala moja la mchele Tandale. Mizani yao ya kielektroniki ilikuja na maktaba ya mtengenezaji, yaani fanksheni zilizokwisha andikwa ili programu nyingine iziite, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya C, nami naandika kwa lugha ya Python. Kuziunganisha lugha hizo mbili nilitumia ctypes, zana ya Python ya kuita fanksheni za C, ambayo imeegemea libffi, maktaba ya kuunganisha lugha za programu aliyoianzisha Anthony Green mwaka 1996. Kazi hiyo naiheshimu sana, na sina lawama nayo. Ila tukumbuke kwamba hapo mpakani hakuna askari. Ukiiambia Python kuwa ng'ambo kuna namba ya baiti nane (baiti ni kipimo cha nafasi ya kumbukumbu), inakuamini, na C haiulizi chochote.

Nyumbani Sinza nilijaribu wiki nzima kwa mizani waliyoniazima na pakiti ya unga ya kilo mbili, kwenye kompyuta yangu inayotumia mfumo wa Linux. Ghalani kompyuta ni ya Windows. Siku ya kufunga nikaweka kiroba, nikasubiri kitulie, ikasoma kilo 50.3. Mzee mwenye ghala akafurahi, akanilipa.

Wiki ya pili, hesabu za jioni zikaonyesha kiroba kimoja kina kilo 4,295,017.596. Kesho yake vikawa vitatu vya namna hiyo. Mzee akaamini kijana wa mizani anaingiza namba kwa mkono kuficha upungufu, akamwambia akae nyumbani.

Nilikesha na namba ile. Nilipotoa kilo 50.3 zilibaki gramu 4,294,967,296 kamili, yaani 2 kwa kipeo cha 32, nikajua mwizi ni mimi. Maktaba ile hurudisha kifurushi chenye vitu viwili: uzito kwa gramu, wa aina ambayo C inaiita "long", halafu namba ya hali, 0 mizani ikiwa imetulia na 1 ikiwa bado inacheza. Kwenye Linux ya biti 64, "long" ni baiti nane. Kwenye Windows ya biti 64 ni nne. Mimi niliandika nane, basi ghalani Python ikawa inameza uzito na hali pamoja kama namba moja. Hali ikiwa sifuri, uzito haubadiliki hata gramu. Vijana wakitupa kiroba na kubonyeza kabla hakijatulia, ile 1 inapanda juu na kuwa tani elfu nne na ushei. Baya zaidi, pale Python ilipotarajia kuikuta hali hapakuwa na kitu, ikasoma sifuri, ikapitisha mauzo kana kwamba mizani imetulia. Na mimi wiki nzima nilikuwa nimejaribu kwa pakiti iliyotulia tu!

Siku hizi, kabla sijagusa maktaba ya mtengenezaji, naandika yangu ndogo ya C kwa ajili ya majaribio tu, na naikompaili, yaani naigeuza kuwa lugha ya mashine, kwa ajili ya kompyuta ya mteja. Inataja ukubwa wa kifurushi kama C inavyouona, na Python inataja wake. Ghalani pale C ingejibu 8 na Python 16, ningegundua kabla ya chai ya saa nne. Halafu inajaza kila sehemu namba yake, 11, 22, hasi 33, nione kama Python inazisoma zile zile; kamwe si sifuri, maana sifuri ndiyo iliyonifichia kosa. Nimeongeza pia fanksheni inayorudisha desimali, kwa sababu usipoiambia ctypes aina ya jibu, inadhani ni namba kamili, na uzito wako unarudi takataka.

Walimu wangu, kozi ya jioni niliyosoma ilitufundisha kuita maktaba ya C kwa mistari mitatu, ikaishia hapo. Tafadhali wapeni vijana japo siku moja ya kuyajaribu haya. Nanyi wenye maduka, msimlipe fundi mpaka programu ijaribiwe kwenye kompyuta yenu, watu wenu wakifanya kazi kwa kasi yao ya kila siku.

Nilimweleza Mzee yote mbele ya kijana yule, nikamwomba msamaha. Alirudishwa kazini na siku zake tatu akalipwa. Toleo jipya alilijaribu yeye mwenyewe: alitupa kiroba juu ya mizani na kubonyeza papo hapo, akarudia mara arobaini, na kila mara programu ilisubiri kitulie.

Fundi programu,
Sinza, Dar es Salaam