Tangazo liseme ni mashine gani, na kwa ngozi ipi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie tangazo ambalo kwa miezi kadhaa sasa limekuwa likinifuata kwenye simu, na bila shaka linawafuata wasomaji wengine pia: "Ondoa nywele za mwili milele, mara tatu tu, bila maumivu." Sina ugomvi na mwanamke anayetaka makwapa na miguu yake iwe laini. Sisi wa Pwani tumekulia katika desturi hiyo, na nakumbuka bibi zetu wakichovya vidole kwenye majivu ili nywele zisiteleze wakati wa kuzinyonyoa. Ugomvi wangu ni na neno "milele", na zaidi ya hapo ni na ukimya wa tangazo hilo kuhusu mashine inayotumika na ngozi iliyokusudiwa.

Leza, yaani mashine ya mwanga inayotumiwa kuondolea nywele, haing'oi unywele. Hutoa mwanga ambao hufyonzwa na melanini, yaani rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele, kisha mwanga huo hugeuka joto na kuunguza mahali unywele unapochipukia. Msingi wa kisayansi wa jambo hili ulielezwa na madaktari wa Marekani, Anderson na Parrish, mwaka 1983, na mashine ya kwanza ya kuondolea nywele iliruhusiwa nchini humo mwaka 1995. Tatizo ni kwamba melanini haimo kwenye unywele peke yake, imo pia kwenye ngozi, na kwenye ngozi zetu imo kwa wingi. Mwanga hauna macho. Mashine isiyofaa ikielekezwa kwenye mguu mweusi, joto lililokusudiwa kwenda chini huishia juu, na kinachoungua ni ngozi.

Hilo si la kusoma vitabuni kwangu. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, na bado sikuweza kumzuia binti wa dada yangu, ambaye wiki chache kabla ya harusi yake alikwenda katika saluni moja jijini Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Hakuulizwa kama anatumia dawa yoyote, hakuulizwa kama amepaka mkorogo, wala hakujaribiwa kwanza kwenye sehemu ndogo ya ngozi. Aliyevaa miwani ya kinga chumbani mle ni fundi peke yake. Siku ya pili miguu ya binti ilikuwa na mabaka ya mstatili yaliyopangana kama vigae vya sakafuni, kila baka likiwa na umbo lilelile la kioo cha mashine. Malengelenge yalipona, lakini alama zilikaa zaidi ya mwaka, na siku ya harusi alivaa soksi nzito katika joto la Februari.

Nilipofuatilia niliambiwa kwamba ile haikuwa leza hata kidogo. Ilikuwa mashine ya aina ya IPL, ambayo ni taa yenye nguvu inayotoa mwanga wa mawimbi mengi yaliyochanganyika, na ambayo kwenye ngozi nyeusi inahitaji tahadhari kubwa mno. Hata mashine ndogo za aina hiyo zinazouzwa mtandaoni kwa matumizi ya nyumbani huja na kadi ya rangi za ngozi, na kwa kawaida rangi nyeusi zaidi kwenye kadi hiyo huwekewa alama ya katazo. Basi mtu hulipia kifaa, hulipia na usafirishaji, kisha husoma ndani ya boksi kwamba hakikutengenezwa kwa ajili yake. Kwa upande wa leza zenyewe, ile ya aleksandriti yenye mwanga wa nanomita 755 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hufanya kazi nzuri kwenye ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi, ilhali ile iitwayo Nd:YAG, yenye nanomita 1064, hupenya chini zaidi na haivutwi sana na melanini ya juu ya ngozi, ndiyo maana madaktari wa ngozi huiona kuwa salama zaidi kwa watu weusi. Nayo ina udhaifu wake, kwani haifanyi kazi vizuri kwenye malaika na nywele nyembamba, na katika mikono isiyofunzwa huunguza vilevile.

Sasa nirudi kwenye "milele". Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huruhusu watengenezaji wengi wa leza kutangaza upunguzaji wa kudumu wa nywele, jambo ambalo ni tofauti na kuziondoa zote. Nywele hukua kwa zamu, na leza huzipata vizuri zile tu zilizo katika hatua ya kukua, kwa hiyo mteja huhitaji kurudi mara 6 hadi 8 au zaidi, kila baada ya wiki kadhaa, na hata baada ya hapo baadhi ya nywele hurudi zikiwa nyembamba. Mvi hazisikii leza kabisa, kwa sababu hazina rangi ya kufyonza mwanga. Njia ambayo mamlaka hiyo huitambua kuwa huondoa nywele moja kwa moja ni ile ya sindano ya umeme, iliyoanzishwa na daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis mwaka 1875 kwa ajili ya kope zinazoota kuelekea ndani. Haichagui rangi ya unywele wala ya ngozi, ila hushughulikia unywele mmoja mmoja, na anayetaka miguu yote miwili ajiandae kwa subira ya Ayubu. Ngozi yenye mwelekeo wa kuota makovu makubwa inahitaji uangalifu hapo pia.

Yapo mawili ambayo saluni hazisemi kabisa. La kwanza, mwanamke anayeota ndevu kidevuni huku hedhi yake ikipishana aanzie hospitali, kwa kuwa huenda tatizo liko kwenye homoni, na homoni zisiposhughulikiwa nywele zitaendelea kuota. Wapo hata ambao nywele za usoni huongezeka baada ya leza. La pili ni krimu ya ganzi. Mwaka 2007 Marekani ilitoa onyo baada ya wasichana wawili kufariki kwa kupaka krimu hiyo miguuni kwa wingi na kujifunga plastiki kabla ya kwenda kupigwa leza, dawa ikaingia mwilini kupita kiasi.

Nisionekane napinga teknolojia. Wanaume wengi wanaosumbuliwa na vipele vya ndevu, wale wanaotoka kwa kinyozi shingo ikiwa imevimba, wanaweza kupata nafuu ya kweli kwa leza sahihi, na hiyo ni tiba, si urembo tu.

Ombi langu ni kwa mamlaka zetu. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), vifaa tiba vikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Naomba taasisi hizo zitueleze kupitia gazeti hili ni ipi inayoikagua mashine ya mwanga iliyowekwa kwenye chumba cha nyuma cha saluni, na anayeishika anatakiwa awe na mafunzo gani. Wakati tukisubiri jibu, mteja aulize aina ya mashine na nanomita zake, adai kujaribiwa sehemu ndogo na kusubiri siku kadhaa, na asikubali kulala pale bila miwani. Wapo, nina hakika, wenye saluni waliowekeza kwenye mashine inayofaa na mtaalamu aliyesoma. Hao hawatapoteza chochote wakiiandika namba 1064 kwenye tangazo lao, mahali palepale lilipokaa neno "milele".

Muuguzi mstaafu,
Tanga