Risala ya wazazi wa watoto wenye usonji kwa mgeni rasmi, Aprili 2

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye ni Mganga Mkuu wa Wilaya yetu, mwalimu mkuu, walimu wa kitengo cha elimu maalumu, wazazi wenzetu na watoto wetu mliokaa hapo mbele, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, karibuni sana.

Mheshimiwa, tunashukuru umekuja mwenyewe hujatuma mwakilishi. Dunia inaadhimisha siku hii ya usonji, yaani autism, tangu 2008, na sisi leo tuna jambo moja tu la kukwambia, ambalo liko ndani ya uwezo wa ofisi yako.

Wengi wetu hapa tulianza kuona kitu mtoto akiwa na mwaka na nusu hivi, unamwita jina hageuki, akiona ndege hakuonyeshi kwa kidole, akitaka maji anakushika mkono anakupeleka kwenye ndoo bila kukutazama usoni, na vile vineno viwili vitatu alivyokuwa navyo vinapotea. Ukisema nyumbani unaambiwa watoto wa kiume wanachelewa kuongea, hata baba yake alichelewa, we subiri. Majirani nao wanakwambia mtoto karogwa. Basi mtoto anakuja kufika kitengo ana miaka sita saba, na ile miaka ya mwanzo ubongo unapokua kwa kasi kubwa ndo imeshapita hivyo.

Mheshimiwa hatuombi dawa ya kuponya usonji, hamna dawa hiyo, na atakayekuuzia anakuibia. Tunachotaka ni stadi zianze mapema: kuangalia kitu pamoja na mwenzie, kuiga, kusubiri zamu, kuomba kwa ishara au kwa picha, maana hivi ndo vinayabeba maneno. Na havitaki mashine. Unamwogesha, unamimina kopo moja unasimama, kopo liko juu, unasubiri mpaka akutazame au atoe sauti yoyote ndo unamimina tena, kila siku hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi ya aina hii, ya michezo na kazi za kawaida za nyumbani. Kuna wanaoogopa kadi za picha eti mtoto hataongea kabisa, jamani si kweli, hazimzuii. Wapo watakaoongea na wapo ambao hawataongea maisha yao yote, ila mtoto anayeweza kukuonyesha kwa picha kwamba tumbo linamuuma maisha yake ni tofauti kabisa na yule anayelia tu na hakuna anayejua kwa nini.

Sasa ombi letu. Mtoto wa miezi 18 anarudi kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, mama yupo pale kwenye benchi anasubiri. Kuna dodoso linaitwa M-CHAT-R, maswali 20 ya ndiyo na hapana, la watoto wa miezi 16 hadi 30, tunaomba nesi amuulize mama palepale. Halisemi mtoto ana usonji, linasema huyu aangaliwe zaidi. Nesi akiwa nalo mkononi amwambie mama pia kwamba chanjo haileti usonji, sababu dalili zinaonekana umri uleule wa chanjo watu wanaunganisha, afu wadogo zake wanaachwa bila kuchanjwa, na surua inaua.

Tunaomba pia mtoto akitiliwa shaka, mama aanze kuelekezwa siku hiyohiyo, asisubiri cheti cha daktari bingwa ambaye foleni yake ni ndefu. Hatuombi kitu kigeni, serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto Desemba 2021, ya watoto wa miaka 0 hadi 8, na watoto wetu wamo humo.

Maswali yenyewe tumeyachapa, mwenyekiti wetu anakukabidhi nakala sasa hivi, na wazazi wa kukaa na manesi wako wakati wa kujifunza tupo, sema siku tu.

Naomba kuwasilisha.