Shukrani kwa kaka wa Pangani

Sisi ni familia ya Moshi tuliosafiri kwa jahazi kutoka Tanga hadi Pangani mwezi Januari. Tunamshukuru kijana aliyempokea mama yetu ufukweni, ambaye jina lake hatukupata kulijua.

Safari ilikuwa nzuri, kaskazi ikijaza tanga na nahodha akiijua kazi yake. Lakini mama amekulia migombani Kibosho, bahari hajaizoea, na tulipofika alikuwa ametapika hadi miguu haina nguvu. Maji yalikuwa yamekupwa, chombo kikatia nanga mbali. Wewe kaka ukaja ukitembea majini, ukamwamkia, "Shikamoo mama," ukamwomba ruhusa, ndipo ukambeba mgongoni mpaka mchangani. Ukatandika mkeka kivulini, ukaleta dafu, ukamnywesha kidogo kidogo bila haraka. Kule kuombwa ruhusa kwanza ndiko anakokusimulia kila akipata mgeni.

Alipopata nafuu ukamwongoza taratibu hadi mtoni, ukamwambia maji ya Pangani yanatoka Kilimanjaro na Meru. (Ni kweli: mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana bwawa la Nyumba ya Mungu, ndipo mto unashuka baharini.) Mama akainama, akanawa uso, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Hela ulikataa. Basi ukisoma haya, au mtu wa Pangani akikutambua, tujulishe. Mama ni mzima, na ana mkungu wa ndizi na kahawa ya shambani kwake anayotaka ikufikie. Anasema kwa Kichaga chake cha kushukuru: aika sana, mwanangu.