Vitabu vya kutisha ulivyoniagiza

Shoga yangu Mama Salma,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, wa hofu na nyinyi huko Tanga. Ama baada ya salamu, nimeupata ujumbe wako na sharti lako nimelisikia: unataka kitabu cha kutisha, cha siku hizi, na kisiwe cha majini kwa sababu majini huwaogopi tena. Sikulaumu. Mtu aliyekuwapo Pemba mwaka 1995, watu wazima wakitoka vyumbani kwenda kulala nje kwa makundi kwa kumhofu popobawa, lile jini la usiku, hawezi kushtushwa na pazia linalotikisika kwenye kitabu.

Basi anza na *The Reformatory* cha Tananarive Due, Mmarekani mweusi. Kilitoka 2023. Ni kinene, usikiogope. Florida, mwaka 1950: Robert Stephens ana miaka 12, mama kafariki, baba kakimbilia Chicago kunusuru roho yake, kwa hiyo analelewa na dada yake Gloria, naye bado binti mdogo. Siku moja kijana wa Kizungu, mtoto wa tajiri wa pale, anamsumbua Gloria njiani. Robert anampiga teke la goti. Teke moja tu, shoga, na hakimu anampeleka miezi sita kwenye shule ya kurekebisha watoto watukutu.

Mizimu imo, nakwambia mapema usije ukanishitaki. Robert anawaona wavulana waliofia mle. Lakini subiri uone msimamizi wa shule anavyokitumia kipaji hicho: anamtaka mtoto awawinde wale wafu, maana wana lao la kumwambia huyo msimamizi. Ukifika katikati utajikuta unawaombea wafu wasikamatwe, na kinachokusisimua mwili ni sauti ya msimamizi anapoongea kwa upole. Mimi hapo nilikifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Tena shule yenyewe haikutungwa hewani. Huko Marianna, Florida, palikuwa na Dozier School, iliyofunguliwa 1900 na kufungwa 2011. Kumbukumbu za shule zilionyesha makaburi 31. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida walipochimba walikuta 55. Mmoja wa babu zake Due, upande wa mama, alifia pale mwaka 1937 akiwa na miaka 15. Aliitwa Robert Stephens. Umeona? Due amelichukua jina la marehemu akampa mtoto wa hadithini, halafu akampa na Gloria, dada asiyekubali. Nusu ya kitabu ni Gloria tu, anatoka kwa wakili huyu kwenda kwa mzee yule, anaambiwa njoo kesho, na wewe unajua kule ndani siku moja ni nyingi. Kurasa hizo hazina mzimu hata mmoja na ndizo zilizoninyima usingizi.

Ukitaka kifupi, basi *Fever Dream* cha Samanta Schweblin wa Argentina. Kwa Kihispania kilitoka 2014, Kiingereza 2017. Ukikianza baada ya Isha utakimaliza kabla ya kulala, kama utalala. Amanda yuko kitandani kliniki, anakufa, na pembeni yake mtoto asiye wake, David, anamhoji akumbuke kila kitu kilivyotokea. Akitoka nje ya mada anamkatiza: hilo si muhimu. Yupo na mganga, mwanamke anayehamisha roho ya mtoto aliyekunywa sumu, na nadhani huyo utamwelewa upesi kuliko msomaji wa London. Ila sehemu ya kusoma taratibu ni pale wanaume wanaposhusha mapipa kwenye lori karibu na mashamba ya soya. Binti wa Amanda, Nina, amekaa kwenye nyasi, anainuka nguo zimelowa. Mama yake anadhani ni umande, kumbe ni sumu ya mashamba. Kwa heri. Hakuna anayepiga kelele, hakuna damu, na Amanda mwenyewe ni mama wa kupima kila dakika yuko umbali gani na mwanawe ili awahi likitokea jambo. Alikuwa amekaa naye bega kwa bega! Kisome ukiwa na Salma nyumbani, si siku aliyokwenda kwa bibi yake.

*Mexican Gothic* cha Silvia Moreno-Garcia wanakisifu wengi. Nyumba na kuvu la ukutani ni tamu kweli, lakini mwishoni anaeleza mno mpaka hofu inaisha. Kiweke cha safari. Cha Stephen Graham Jones, *The Only Good Indians*, kiache kwanza, Kiingereza chake ni cha vijiweni na kuna mpira wa kikapu mwingi. Ila siku nikija nitakusomea pale jamaa yuko juu ya ngazi, anachungulia kati ya mapanga ya feni, anamwona chini sebuleni yule mnyama aliyemuua miaka kumi nyuma.

Kwetu bado nangoja. *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed kilisogea karibu, lakini yule babu alikuja kumsuta mjukuu zaidi kuliko kututisha. Popobawa je, nani atamwandika vizuri, na siasa zote za uchaguzi wa 1995 zikiwemo?

Cha Due nakituma na basi la Ijumaa, ndani ya mfuko wa kanga zako. Usimwazime wifi yako kabla hujamaliza, anakunja kurasa. Na ukishafika mwisho nipigie uniambie kama Gloria alifanya sawa, maana humu ndani tumebishana na shemeji yako mpaka chai ikapoa.

Wasalaam,
Shogayo